Shemeji Wastani na Kodi ya Bibi

Shemeji yangu hawezi kusema uongo, na hii si sifa, ni ugonjwa. Siku ya harusi yake mpiga picha alimwambia atabasamu kwa furaha. Akauliza kama anaruhusiwa kutabasamu kwa wasiwasi, maana ndivyo alivyokuwa anajisikia. Dada yangu alimpenda hivyo hivyo. Mimi nilishauri vingine, lakini nani humsikiliza mdogo wa bibi harusi?

Ni karani wa takwimu katika ofisi ya kaunti. Mtaani wanamwita Wastani, kwanza kwa sababu ya kazi yake, pili kwa sababu hata yeye mwenyewe aliumbwa kwa kukadiria: si mrefu si mfupi, si mnene si mwembamba. Kazi yake ni kuzunguka nyumba za kupangisha kila baada ya miezi michache, akiuliza kodi. Anavaa tai hata jua liwake vipi, na anabeba kalamu mbili, kwa kuwa mwenye nyumba akikasirika moja hubaki huko.

Sasa sikiliza maajabu ya ofisi hiyo. Wakimaliza kuuliza wanajumlisha, wanagawanya, kisha mkuu wa idara anabandika wastani wa kodi kwenye ubao nje ya lango, kwa herufi kubwa, ili wananchi wajue. Wananchi wanaosoma ubao ule ni wenye nyumba watupu. Mwenye kodi ya chini anasoma, anashika kiuno: "Kumbe miaka yote hii nawafadhili watu!" Kesho yake kapandisha. Mwenye kodi ya juu naye anasoma, anasema yake ni halali kwa sababu ana geti la chuma, na hashushi hata senti. Wastani akirudi kuuliza tena, wastani umepanda. Ubao unabadilishwa, wa chini wanashika kiuno upya. Mkuu wa idara anasugua mikono na kusema kaunti inakua.

Inakua kweli. Mimi ni msusi. Wateja wangu waliokuwa wanakuja kila wiki siku hizi wanakuja kichwa kimeshakuwa kichaka, na neno la kwanza wakikaa kwenye kiti ni "Shemeji yako yule, nikimkamata..." Naendelea kuchambua nywele. Mteja ni mteja.

Yeye mwenyewe, pamoja na dada na watoto wao wawili, alikuwa anakaa vyumba viwili vya nyuma ndani ya nyumba ya Bibi. Si bibi yetu wa damu. Ni mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili, na sisi sote tunamwita hivyo. Kodi yake ilikuwa elfu tatu, aliyoipanga na marehemu mumewe mwaka walipoezeka vyumba vile, na tangu siku hiyo hakuifikiria tena. Ubao wa kaunti wakati huo ulikuwa unasema elfu tisa. Kwa elfu tatu dada alikuwa na bomba uani, shule ng'ambo ya barabara, na kibaraza cha kushonea sare za wanafunzi wa shule hiyo hiyo. Bibi akijua tu kinachoendelea mjini, wangehamia kule ambako hata mbwa akibweka hakuna wa kumsikia, na cherehani ya dada ingekosa mteja.

Kwa hiyo Bibi hakutakiwa kujua. Macho yake hayaoni maandishi madogo, basi dada ndiye aliyekuwa anamsomea gazeti. Akifika kwenye habari za nyumba anaruka moja kwa moja mpaka michezoni. Ndiyo maana Bibi, katika umri ule, anajua magoti ya wachezaji wote yanayouma. Wastani alikubali mpango huo kwa shingo upande. Alisema kunyamaza si uongo, ila asiulizwe.

Kisha kompyuta ya ofisi ikachagua nyumba za kuulizwa safari hiyo, bila kumjali mtu, na nyumba ya Bibi ikawamo.

Nilikuwepo alipoleta habari. Hata tai hakuilegeza.

"Niulize mimi basi," dada akamwambia. "Mimi si mpangaji? Kodi naijua."

"Lazima aulizwe mwenye nyumba."

"Haya, muulize. Lakini lile swali la mwisho liruke."

Swali la mwisho alilitunga mkuu wa idara mwenyewe, na analipenda kama mwanawe: Wastani wa kodi katika kaunti ni kiasi hiki, je, kodi yako iko juu, iko chini, au iko sawa?

"Siwezi kuruka swali, mama watoto."

"Kuwatoa watoto wako nyumbani unaweza, kuruka swali huwezi?"

Akazihesabu kalamu zake mbili. Dada akapanda kwenye kiti, akaanza kushusha mapazia ayafunge kwa kuhama. Nilimwona anayakunja moja moja, na roho ikaniuma kweli kweli. Nikamwambia ashuke, nina dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa mashine yangu ya kukaushia nywele, ile kubwa, ambayo ikiwashwa hata redio ya jirani inasalimu amri. Siku ya mahojiano nikajitolea kumtengeneza Bibi bure. Nywele zake ni za kuhesabika, nikaziosha mara mbili ili zipate shughuli. Nikamkalisha sebuleni kwake, ambako wote hupitia, mashine tayari mkononi. Dada akajibanza nyuma ya mlango wa chumbani kwao.

Wastani akatoka chumbani kwake, akapita mbele yetu na kibao chake cha kuandikia, akatusalimia, akatoka nje, akafunga mlango. Halafu akabisha.

"Hodi!"

"Si umetoka sasa hivi?" Bibi akashangaa.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni karani wa takwimu kutoka ofisi ya kaunti."

"Marahaba. Nakujua. Wewe ni baba wa wale wanaonivunjia vikombe."

Akaketi kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja. "Una wapangaji wangapi?"

"Mmoja."

"Ni nani?"

"Ni wewe, mwanangu." Akanigeukia, akaninong'oneza kwa ile sauti yake ya barabara ya pili: "Ana homa?"

"Mpangaji ana tabia gani?" Wastani akaendelea.

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Mpole. Ila akiulizwa jambo anajibu mno."

Akaandika. Nikaona kabisa anaandika: anajibu mno.

"Kodi ni kiasi gani?"

"Elfu tatu. Si unalipa wewe?"

Akavuta pumzi. Nikajua limefika. "Wastani wa kodi katika kaunti..."

Nikawasha mashine. Ikanguruma vizuri, vikombe vilivyobaki vikacheza kabatini. Mtu mwingine yeyote angelisoma swali humo humo ndani ya kelele, akaweka alama, akaenda zake, na Mungu angemsamehe. Shemeji yangu akafunga mdomo, akaweka mikono magotini, akasubiri. Ati mhojiwa lazima asikie. Nikamkausha Bibi mbele, nikamkausha nyuma, nikarudi mbele. Nywele zilishakauka zamani, sasa ilikuwa zamu ya ubongo. Bibi akaanza kujipepea. Wastani bado amekaa, kwa adabu zake zote. Nilitamani kumgeuzia ile mashine yeye. Lakini ajuza wa watu sikuweza kumchoma, nikazima.

"Wastani wa kodi katika kaunti," akasema pale pale alipoachia, "ni elfu tisa. Je, kodi yako iko juu, iko chini, au iko sawa?"

Nyuma ya mlango kitu kilianguka. Alikuwa dada, amekaa chini.

"Rudia," Bibi akasema.

Akarudia. Bibi akahesabu kwa vidole kutoka tatu mpaka tisa.

"Wenzangu wote wanachukua elfu tisa?"

"Wengine zaidi, Bibi. Wastani umebandikwa ubaoni nje ya lango letu, kwa herufi kubwa."

"Na yangu?"

Hapo angeweza kusema "iko chini kidogo". Nilimkazia macho. Dada naye alikuwa amechungulia kwenye ufa, mikono imeshikana kama anaomba.

"Yako iko chini sana," Wastani akasema, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. "Iko chini kuliko zote. Nimezunguka kaunti nzima, hakuna aliye chini yako."

Bibi akasimama. Akaenda dirishani. Akarudi. "Kaunti nzima?"

"Nzima."

"Yaani ukitupanga wote, mimi ni wa kwanza?"

"Kutoka chini, Bibi."

"Wa kwanza ni wa kwanza!" Akapiga meza. "Unajua mimi nimezaliwa wa saba? Shuleni nilikuwa wa arobaini kati ya arobaini na wawili, na wale wawili walikuwa wanaumwa. Sijawahi kuwa wa kwanza hata kwenye foleni ya maji! Na muda wote huu mlikuwa mnajua, mnanisomea magoti ya watu?"

Dada akajitokeza mlangoni, machozi mashavuni. "Bibi, kwa hiyo... hupandishi?"

"Nipandishe nimwachie nani nafasi yangu?" Akamgeukia Wastani. "Wa pili ni nani?"

"Kuna mzee mmoja karibu na stendi. Elfu tatu na mia mbili."

Bibi akakunja uso. "Huyo yuko karibu sana. Huyo simwamini."

Akaingia chumbani kwake, tukamsikia anafungua na kufunga sanduku. Akarudi na noti ya mia tano, akamsukumia Wastani kiganjani.

"Uliyonilipa mwezi huu ilizidi. Andika elfu mbili na nusu. Na mwambie mkuu wako aniweke ubaoni, kwa herufi zile zile kubwa. Huyo mzee asome."

Wastani akaitazama ile noti. Akatazama karatasi yake. Nikaona midomo inaanza kucheza.

"Lakini Bibi, kusema kweli, kwa bei za sasa hii si haki kwako, ukizingatia kwamba..."

Dada alivuka sebule kwa hatua ambazo sijawahi kumwona nazo, akamziba mdomo kwa taulo langu la saluni, bichi vile vile, na hakulitoa mpaka Bibi alipomaliza kutia sahihi kwenye ile karatasi ya ofisi.