Mzee Manasseh na Kura za Mdomoni

Mwaka 1974, Mzee Manasseh Ogari wa Nyaramba alijitwika kazi ya kumuuliza kila aliyetoka kupiga kura amemchagua nani. Alisimama njiani na bakora yake, na kila mtu alijua kwamba mgombea mmoja ni mpwa wake. Mjinga gani angemwambia ukweli? Wake za wanawe, ambao kwa desturi yetu hata kumtazama usoni hawathubutu, waliinamisha vichwa wakalitaja jina la mpwa. Wote! Mzee akachinja maksai kabla kura hazijahesabiwa. Mpwa akaanguka vibaya.

Mpaka leo inaniuma, maana maksai yule ndiye aliyevuta plau kwenye mashamba yetu sote.

Matokeo yalipotangazwa, mkewe Persis alimwambia, "Baba Kemuma, ungemweka mgeni pale, na chungu. Anayetoka atumbukize punje ya mahindi kwa mpwa wako au ya maharagwe kwa mpinzani, mgeni akiangalia migomba."

"Na wewe," mzee akauliza kwa unyonge, "ulimpigia nani?"

Persis aliitazama ngozi ya maksai iliyowambwa uani.

"Uliniuliza palepale njiani," akasema. "Nikakujibu kama wenzangu."