Kidonda cha Kaka na Machungwa ya Chole

Kosa langu la kwanza katika kuuguza mtu lilikuwa kushika miiko yote bila kuacha hata mmoja. Watu wengine wa kisiwa chetu cha Jibondo wakiuguza, hulegeza kidogo hapa na pale. Mimi sikulegeza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa karibu miezi mitatu nilimnyima kaka yangu kila tunda na kila jani la mboga, nikiamini kwamba ndivyo namponya. Nusura nimpotezee mguu.

Kaka ni fundi wa mashua. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba fundi hachongi kwa mikono tu. Huketi chini, akalibana taruma, ubavu wa mashua, kwa nyayo na vidole vya miguu, kisha tezo, shoka lake la kuchongea, likawa linashuka katikati ya miguu yake mwenyewe, pigo baada ya pigo. Kaka alikuwa amefanya hivyo tangu kabla sijaota meno. Asubuhi moja tezo likagonga fundo la mti, likateleza, likampasua juu ya mguu wa kulia karibu na kidole gumba.

Shangazi yetu, dada yake baba, ndiye aliyekuja na dawa ya majani ya kubandika, na ndiye aliyetaja miiko. Alikuwa akikuna nazi, wala hakuinua macho. Mgonjwa asile kitu kichachu, alisema, asile mboga za majani, asile pweza, mpaka kidonda kifunge. Vitu hivyo hukitia kidonda maji. Akaendelea na mbuzi yake ya nazi.

Mimi nikaenda kuandika. Lazima nikiri hapa jinsi nilivyokuwa. Herufi za Kizungu nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha shule kilichokosa kurasa za mwanzo na kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari dukani. Kwa sababu nilisoma kwa taabu, niliheshimu mno kilichoandikwa. Kitu kikishakuwa kwenye karatasi, hata kama mwandishi ni mimi mwenyewe, nilikiona kina haki ya kutiiwa. Basi nikaanza na maneno matatu ya shangazi, nikayapanua. Ikiwa ndimu ni mwiko, na chungwa pia. Ikiwa chungwa, basi na embe, na nanasi, na pera, na bungo, na ukwaju, na nyanya. Ikiwa mchicha, basi na kisamvu, na matembele, na majani ya kunde. Papai si chachu, lakini nililiogopa kwa sababu ni laini, nikaliandika. Nilipomaliza nilikuwa na vitu ishirini na saba. Kilichobaki kuliwa ni uji, ugali wa muhogo, samaki mkavu na chai.

Karatasi ile niliibandika juu ya kitanda chake.

Ulikuwa msimu wa maembe. Siku moja nikaingia nikamkuta shemeji yangu, mke wa kaka, amemkatia vipande vya embe bichi na chumvi na pilipili. Kaka alikuwa na kipande kimoja mkononi, hajakitia mdomoni. Nilikichukua. Hata sasa nikikumbuka mkono wangu ukienda kwenye mkono wake naona haya. Yeye hakunigombeza. Alikiachia tu akasema, "Haya, chukua. Ipo siku utaninyima na pumzi, mdogo wangu." Shemeji akatoka na sahani, na toka siku ile akawa hanipikii chai mpaka niombe. Mimi nilijiona nimeshinda.

Siku arobaini zikapita na kidonda hakikufunga. Kingo zake zilikuwa laini, zina rangi ya zambarau, na kila nilipobadilisha kitambaa damu ilichuruzika kama ya kidonda cha jana. Nilichemsha vitambaa mara mbili kila siku, mpaka majirani wakaanza kunong'ona juu yangu, kwa maana maji yetu huletwa kwa mashua na mtu hachezei mapipa. Nikasema moyoni kwamba pengine kuna mwiko nimeusahau. Nikaongeza pilipili.

Mwezi wa tatu mambo yakageuka. Kaka akipiga mswaki anatema damu. Ufizi ulivimba ukafunika nusu ya meno, na jino moja likawa linacheza. Miguuni yakatoka madoadoa mekundu. Kisha likatokea lililotutisha zaidi: kovu la zamani kwenye kidole chake cha mkono, kovu la utotoni, likafunguka lenyewe likawa kidonda kipya. Kidonda cha miaka ishirini kikifunguka bila kuguswa, watu hawakosi la kusema. Wakasema amefanyiwa, kwa kijicho cha jahazi kubwa alilopewa kulijenga. Mwenye jahazi, mfanyabiashara wa Kilindoni kisiwani Mafia, alikuja kumtazama akasema kwa upole kwamba apelekwe Dar es Salaam, mguu ukatwe mapema kabla uozo haujapanda.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Yule bwana alipoondoka aliniambia, "Wakate juu au wakate chini, ni mamoja. Fundi wa mguu mmoja atabana taruma kwa kitu gani?"

Kesho yake asubuhi tukampakia kwenye mashua ya maji iliyokuwa ikienda na mapipa matupu, mimi na yeye, tukaenda zahanati ya Kilindoni kwanza. Karatasi yangu niliibandua nikaichukua. Nilitaka dresa, mtibu wa pale zahanati, aone kwamba mgonjwa hakuachwa hovyo.

Dresa alikuwa mtu mfupi, aliyewahi kuwa askari, mwenye kuzungumza kama anayesoma hesabu ya magunia. Tulimpa shikamoo, akaitika marahaba huku tayari ameinama juu ya mguu. Akakitazama kidonda, akakinusa. Nilingoja atoe msumeno. Badala yake akamwambia kaka afungue kinywa. Akaubonyeza ufizi kwa kidole, damu ikatoka. Akamtazama miguu, akatazama kile kidole, kisha akanigeukia akauliza mgonjwa anakula nini.

Nilimpa karatasi yangu. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka wa ishirini na nane, maana pilipili ilikuwa imeongezwa chini.

"Hivi ni asivyokula," alisema. "Nimeuliza anakula nini."

Nikamwambia uji, ugali wa muhogo na samaki mkavu.

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tatu."

"Aliyeandika ni nani?"

"Ni mimi."

"Una mwandiko mzuri," akasema. "Umemtia ndugu yako kiseyeye kwa mwandiko mzuri."

Akatueleza, sasa polepole zaidi. Alikuwa ameuona ugonjwa huo vitani, kwa watu waliokaa miezi mingi wakila biskuti na nyama ya kopo. Mwili wa mtu, alisema, hauwezi kushona nyama iliyokatika bila kitu kinachopatikana kwenye matunda na majani mabichi. Kikikosekana, kidonda kipya hakifungi, na cha zamani kinafunguka. Ufizi unaoza, mishipa midogo inavuja chini ya ngozi, na mtu akiachwa hivyo hufa. Hapakuwa na kijicho wala mtu aliyemfanyia. Kilichokuwapo ni orodha yangu.

Kaka akauliza kuhusu mguu.

"Mguu una nini? Mguu haukatwi. Mlishe."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nasema kweli, hisia ya kwanza haikuwa haya. Haya ilikuja baadaye, ikakaa sana. Ya kwanza ilikuwa nafuu, nafuu ambayo sikuwahi kuijua, kama mtu aliyetuliwa tita la kuni alilosahau kwamba amelibeba. Nilicheka peke yangu, pua inatiririka, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasogea mbali nami. Ndani nilimsikia kaka akiuliza kama embe anaruhusiwa, na dresa akimjibu kwamba msimu umekwisha, ale machungwa. Matatu kwa siku, alisema, na ndimu, na mapera yakipatikana, na mchicha uliopita motoni kidogo tu.

Wakati wa kurudi nahodha alikubali kupitia kisiwa cha Chole, tukapata kikapu cha machungwa. Kaka alitaka la kwanza pale pale mashuani. Na hapa nieleze kosa la pili, kwa sababu mtu kama mimi hapati akili kwa siku moja. Nilimzuia. Nilikuwa nimesoma, katika kijitabu cha afya, kwamba chochote anachopewa mgonjwa kichemshwe. Nilipofika nyumbani nikakamua machungwa sita, nikayachemsha maji yake mpaka yakawa mazito kama asali, nikampa kwa kijiko asubuhi na jioni. Siku nne. Mchicha nao niliuchemsha mpaka ukawa uji. Ufizi ukaendelea kuvuja. Hofu ikaanza kunirudia, kwamba dresa amekosea, kwamba mguu utakatwa tu.

Siku ya tano shangazi alikuja, akasimama mlangoni akatazama sufuria.

"Nini hicho?"

Nikamwambia ni maji ya chungwa, dawa ya kaka.

"Unapika chungwa?" Akageuka akawaita wanawake wawili waliokuwa wakipita. "Hebu njooni muone. Huyu baba anapika machungwa kama maharage."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilimwambia shangazi, kwa hasira, kwamba yeye ndiye aliyetaja miiko, yeye ndiye aliyesema chachu isimguse, na leo anacheka. Akaacha kucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda karibu na kaka.

"Mwanangu, ile miiko nilipewa na mama yangu," alisema. "Na mama yangu alipokuwa na kidonda alikula embe nyuma ya nyumba, mimi mwenyewe nikimkatia. Sote tunakula nyuma ya nyumba. Wewe ndugu yako hukumwachia hata nyuma ya nyumba."

Kisha akachukua chungwa kwenye kikapu, akalipasua kwa kucha bila kisu, bila kuliosha, akampa kaka. Nilitaka kusema kitu juu ya kucha zake. Nilinyamaza, na nadhani ule ndio unyamavu wa kwanza wa manufaa maishani mwangu. Kaka alikula matano. Maji yake yalimchoma ufizi, machozi yakamtoka, lakini mkono haukuacha kurudi kwenye kikapu. Shemeji alikaa chini akawa anamenya, anampa, anamenya, anampa, na alipofika la tano alinitazama akaniuliza kama nataka chai.

Haikuchukua hata juma zima, damu ya mswaki ikakatika. Jino lililokuwa likicheza likatulia. Madoadoa yakafifia, kile kidole kikafunga, na kwenye mguu nikaona kingo za kidonda zimeacha zambarau, zimekuwa na rangi ya waridi, nyama mpya inapanda kutoka chini. Nilikuwa nakitazama mara tano kwa siku, mpaka shemeji akaniwekea sheria: mara moja tu, asubuhi. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwekewa sheria na mtu mwingine. Nililala usingizi wa kweli. Nilikula na mimi machungwa, nikagundua kwamba nami pia ufizi wangu ulikuwa ukiuma, maana kwa kumhurumia nilikuwa nakula alichokula yeye.

Nilimwomba radhi siku kidonda kilipofunga kabisa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, nimeyapanga vizuri. Nilifika kwenye sentensi ya pili tu, akanikatiza.

"Kwani tezo ulinipiga wewe?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi. Sogeza hilo taruma huku."

Nikalisogeza. Akaketi chini, akalibana kwa miguu yote miwili, kwanza kwa woga, kisha kama zamani, akaanza kuchonga. Mimi nilisimama pale mpaka adhuhuri bila kazi yoyote, nikitazama vidole vya mguu wa kulia vikiukaza mti.

Nilirudi zahanati baadaye kumshukuru dresa, nikamweleza na habari ya kuchemsha. Huyo ndiye aliyeniambia kwamba moto mwingi huua kile kile kinachotibu, na kwamba ndiyo sababu mboga hazipikwi mpaka zikasahau kwamba ni mboga. Alisema pia kwamba matunda na mboga si kinga ya kila ugonjwa, nisije nikaandika karatasi nyingine. Ila anayevila kila siku, vidonda vyake hufunga, fizi zake hukaza, choo chake hakisumbui, na maradhi madogo hayamwangushi ovyo. Na wale wa wali na samaki mwaka mzima bila jani, huwaona mlangoni pake mara mbili kwa mara moja ya wengine.

Tangu hapo nimepanda mchicha na matembele katika mapipa mawili mabovu nyuma ya jiko, na ninavimwagilia kwa maji tuliyooshea vyombo. Kikapu cha machungwa, au ndimu, au mapera, huja na mashua ya maji kila inaporudi. Nyumbani kwetu hapiti siku bila tunda au jani kwenye sinia, kwa mzima na kwa mgonjwa.