Mama Maria Alipolala kwa Muuza Mahamri

Oktoba ni mwezi wa rozari, na jumuiya yetu ndogo hapa Mishomoroni ina sanamu ya Mama Maria inayotembea nyumba kwa nyumba. Kila jioni tunakusanyika ilikolala, tunasali kidogo, kisha tunaibeba kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata, tunamalizia rozari huko, na inalala huko. Mwenye zamu hupiga deki kana kwamba anakuja askofu. Hata wanaume wanaoishi peke yao hununua kitambaa cha meza.

Jirani yangu, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta mmoja tu, alikuwa muuza mahamri na mbaazi. Nusu ya watoto wa mtaa huu wameota meno kwa mahamri yake. Kisha akashikwa na kifua kikuu. Akalazwa, akaanzishiwa dawa, akarudi nyumbani, na ghafla kila mtu akagundua kwamba mkate wa dukani ni mtamu. Hakuna aliyemtukana, watu wetu ni wapole. Walimwombea kwenye kikundi cha WhatsApp, vimikono vya kusali vikamiminika mpaka simu yangu ikaganda. Mkono wa nyama, wa kubisha mlangoni, sikuuona.

Mimi nilimsindikiza kliniki, mtoto mgongoni, na muuguzi akatuambia sote wawili: makohozi yamepimwa tena, ni safi, hawezi kumwambukiza mtu. Fungueni madirisha, na dawa asiziache hata siku moja, kwa sababu akiziacha ugonjwa utarudi na nguvu mpya. Nikapeleka habari hiyo kwa jumuiya. Mwenyekiti wetu, mstaafu wa bandari ya Kipevu, mtu wa taratibu, alinishukuru kwa ripoti na kusema tuendelee kumwombea.

Basi sanamu ikalala kwa mwenyekiti. Nyumba inayofuata ni ya jirani yangu, kisha yangu. Siku ya zamu yake alifagia uwanja tangu asubuhi, akatandika kitambaa cheupe, akatia maua kwenye mkebe wa siagi. Jioni akavaa sare yake ya akina mama, akakaa mlangoni kutusubiri.

Tukaja tukiimba. Mimi nilikuwa nyuma, mtoto ananivuta nywele, nikaona mbele ya msafara wanaufuata mtaro na kuupita mlango wake. Mwenyekiti alimpungia mkono. "Tunakuombea, mama," akasema, na wimbo ukaendelea, moja kwa moja hadi kwangu. Kwangu, ambako sikuwa nimefagia! Mama Maria akawekwa mezani kando ya rundo la nepi. Rozari ile niliisali meno yameumana.

Walipoondoka nikampelekea jirani uji. Alikuwa bado amekaa kando ya kile kitambaa cheupe. Vidonge vya siku ile vilikuwa kwenye kisahani, havijaguswa.

"Mama, hujameza."

"Nimeze nipone, nimuuzie nani mahamri?" Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. "Wamenipita na Mama Maria mkononi, mwanangu. Nimeshakufa, ila hawajaniambia."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikambembeleza tena. Akageukia ukutani. Asubuhi niliporudi vidonge vilikuwa palepale. Sikuwa na maneno mengine, na maneno ya adabu yalikuwa yameniishia jana yake. Nikamfunga mtoto kwa leso mgongoni, nikamwondoa Mama Maria kwenye nepi, nikamvusha upande wa pili wa ukuta. Jirani alishtuka, akasema nitamgombanisha na watu. Nikamwambia anayegombana ni mimi, yeye anyooshe kitambaa.

Taratibu ni taratibu. Sanamu iliko ndiko watu wanakosali.

Jioni wakaja kwangu. Nilikuwa nimekaa kizingitini namnyonyesha mtoto. Mwenyekiti akasema Tumsifu Yesu Kristo, nikamjibu milele na milele, akauliza sanamu iko wapi. Nikanyoosha mdomo kuelekea mlango wa jirani. Mke wake akanong'ona kuuliza kama sanamu inaweza kupanguswa kwa spiriti. Nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Mwenyekiti akaniomba, kwa upole wake ule, niingie nikaitoe kwa kuwa mimi nimeshazoea.

"Mama yenu yuko mle," nikasema. "Mkimtaka, mlango uko wazi."

Wakajipanga uwanjani kwa jirani, barakoa hadi machoni, kama watu wanaosubiri kuiba benki. Hakuna aliyeanza. Sauti ikatokea ndani, sauti ileile iliyokuwa ikituamsha na mahamri ya moto. Yeye anaongoza, sisi tunaitikia. Fungu la pili likamletea kikohozi. Akakatika katikati ya Salamu Maria. Tukasubiri. Mwenyekiti ameshika punje moja ya rozari, haendi mbele wala nyuma.

Mke wake ndiye aliyevua ndala na kuingia. Tulisikia kifuniko cha mtungi, tukasikia kikombe, kisha tukamsikia akiuliza vidonge hivi vinafanya nini hapa. Jirani alijibu kitu ambacho hakikutufikia.

"Basi meza nikuone," mke wa mwenyekiti akasema. "Meza. Watu wanasubiri rozari."

Tukasikia kikombe kikirudishwa mezani, kisha Salamu Maria ikaendelea kutoka pale ilipokatikia. Wengine wakaanza kuingia, wawili wawili, chumba ni kidogo. Mwenyekiti alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mpaka mwisho.

Sanamu haikuhama jioni ile. Mke wa mwenyekiti alisema zamu ya mama huyu iliibwa, ilipwe. Siku hizi hupita kila asubuhi, hasalimii, anasimama dirishani na kusema meza nikuone, na jirani humjibu kwamba askari wa gereza la Shimo la Tewa wana huruma kumshinda. Mimi bado nimewanunia wote, na mwenyekiti anajua. Lakini juzi nilisikia kupitia ukutani jirani akimuuliza yule mama, mdomo umejaa maji na vidonge, kama unga wa ngano umepanda bei.