Waya Mweusi wa Pili

Nakumbuka Jumatano moja hapa Kilosa, mwanangu, siku niliyotaka kumfukuza wifi yangu kwa sababu ya amplifaya. Usicheke kwanza. Juzi umenipigia simu toka Mikumi ukilalamika kuwa ya kwako, uliyoiunda kwa taa za kioo za redio kuukuu, inavuma, na kwamba mwenzako wa kazi ndiye aliyeichezea. Kabla hujamwambia neno, msikilize bibi yako.

Babu yako Ramadhani aliunda ya kwake juu ya sanduku la bati. Taa nne za kioo, zikipata moto zinakuwa nyekundu kama makaa, na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini mkono wangu ulitulia kuliko wake, kwa hiyo kuchomea waya kwa risasi ya kuyeyusha ilikuwa kazi yangu. Wenzangu mtaani wanafuma vitambaa, mimi nachomea. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Jumatatu iliimba safi. Jumatano tukaiwasha, ikavuma kama nyuki ndani ya debe, hata kaseti hatujaweka. Ukiongeza sauti, na nyuki wanaongezeka. Na Jumamosi tulikuwa tunangojwa kupiga muziki kwenye harusi Magole.

Mimi ni mtu wa kushuku. Pale sokoni Dumila sinunui nyanya mpaka nimeigeuza sado yote, kopo lao la kupimia, maana nzuri wanazipanga juu. Basi nikaangalia ni nani aliyekuwemo ndani. Alikuwa Zaituni, dada yake Ramadhani, aliyerudi kwetu na mtoto mgongoni baada ya kuachika Vidunda. Jumanne nzima alikaa chumba kile cha amplifaya akichambua mchele. Mtu anachambuaje mchele chumbani, jikoni kuna nini? Nikamwambia mume wangu kwamba dada yake roho inamuuma kuona tunaitwa kwenye harusi za watu. Nikamzulia na uchawi, sikufichi. Ramadhani alibishana nami kutwa, mwisho akachoka. Akamwambia dada yake afungashe, Ijumaa apande basi arudi Vidunda, kwa mume aliyemwacha, yule yule aliyekuwa akimpiga.

Zaituni hakujitetea. Alikunja kanga zake kimya, na kwangu mimi kimya hicho kikawa ushahidi.

Alhamisi asubuhi akapita Mzee Nasoro, fundi aliyestaafu karakana ya reli, akasikia tunavyoijaribu akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku sikio kashaliinamisha kwenye spika. Nikaanza kumweleza habari za Zaituni, akanyanyua kidole ninyamaze. Akaizima, akachomoa waya ukutani, akangoja, akautoa umeme uliobaki ndani huku mkono mmoja kauweka mgongoni. Kitu hiki hata kikizimwa kinaua, mwanangu. Kisha akaichomoa taa ya kwanza, ile iliyo karibu na pale sauti inapoingilia, akawasha. Kimya. Akazima, akairudisha, akawasha. Nyuki.

"Ugonjwa uko huku mbele," akasema.

Akazima tena, akaigeuza chali, akawa anafuata waya mmoja mmoja kwa kijiti kikavu, mpaka kijiti kikasimama.

"Ethi, waya wa kupeleka umeme kwenye bati, iko hapa, na hapa tena. Zikiwa mbili umeme unazunguka kati yake, ndio huo mvumo wenu. Huu mweusi wa pili kauchomea nani?"

Nilitazama sakafu. Jumanne niliikagua ethi aliyoifunga mume wangu mwenyewe, sikuiamini, nikaongeza waya wangu toka pale sauti inapoingilia mpaka kwenye bati. Kwa siri, asije akanuna.

"Ni wifi," akasema Zaituni. "Nilimwona. Nilidhani kaka ndiye kamtuma."

"Mbona hukusema?" Ramadhani akamuuliza.

"Mliniuliza saa ngapi? Mliniambia nifungashe."

Mzee Nasoro akaukata ule waya kwa koleo, akawasha. Nyuki wote wakafa. Ndipo akanigeukia. "Mkono wako mzuri, mama. Lakini umekagua watu nyumba nzima, huo mkono hukuukagua."

Nikaenda kulifungua furushi la Zaituni mwenyewe, nikaketi chini nikamwomba radhi. Akajibu, "Nimesikia, wifi." Hakusema amenisamehe. Aliishi nasi miaka sita, na miaka yote hiyo hakuchambua tena mchele chumba kile.

Kwa hiyo, mwanangu, zima, chomoa ukutani, ngoja, na umeme uliojificha utolewe kwanza. Halafu anza na waya ulizochomea wewe. Sikukatazi kushuku, mimi mpaka leo nageuza nyanya. Ila shuku kazi ya mkono wako kwanza, kisha kifaa, na mtu awe wa mwisho kabisa. Na kabla hujamtaja, muulize aliona nini. Pengine anajua ulichofanya, na anakustahi tu.

Mungu akutulizie mkono na moyo. Amplifaya yako iimbe mpaka Mikumi waulize ni ya nani, na huyo mwenzako asifungashe kwa sababu yako.