Radhi Aliyoomba Katana Akiwa Kitandani

Siku ya kwanza ya kazi nilifika ofisini kwa Bwana Wakili, pale Malindi, nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Nilitembea navyo kutoka Muyeye, nikidhani kazi ya karani wa wakili ni kupiga taipu. Bwana Wakili alikuwa Mhindi mzaliwa wa Malindi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Hakunionyesha taipu. Alinipeleka njia panda akanisimamisha juani, nitazame pikipiki zikipita.

"Kwanza jua kwa nini watu huanguka," alisema. "Kuandika utajifunza baadaye."

Miaka ile ya themanini hapakuwa na bodaboda. Pikipiki zilikuwa za mabwana mifugo, mabwana shamba, mapadri, na watalii waliozikodi wakaendesha vifua wazi. Sababu za ajali si ngeni kwa vijana wa leo. Dereva hutoka njia ya pembeni akitazama kama kuna gari. Pikipiki haimo akilini mwake, basi haioni. Mchanga ulimwagika juu ya lami, na mvua ya kwanza ikachanganyika na mafuta barabarani ikawa utelezi mtupu. Wapandaji nao walikuwa na vituko vyao: kofia ngumu waliifunga kwenye kiti cha nyuma, utadhani ubongo ulikuwa huko.

Bwana Wakili alikuwa na hasira za karibu, lakini mtu aliyeumia hakumkaripia kamwe. Alimkalisha, akamwagizia chai, kisha akamweleza haki zake pole pole. Kwamba apige ripoti polisi na aandikiwe na daktari. Kwamba kila gari sharti liwe na bima ya kuwalipa wengine linaowaumiza. Kwamba akiumia akiwa kazini, mwajiri naye anawajibika. Kwamba asilale, maana baada ya miaka mitatu mlango wa kesi hufungwa. Na hata akiwa amekosea kidogo, hapotezi yote. Hakimu hugawa lawama, kila mtu akabeba fungu lake. Nilimpenda kwa ajili ya chai ile.

Kesi ninayoikumbuka zaidi ni ya Katana, kijana wa Kigiriama, bwana mifugo. Alikuwa akipita Bofa, kule Kilifi, kwa pikipiki yake kwenda kuchanja ng'ombe, gari la hoteli moja likatoka getini likamgonga. Mguu ulivunjika vibaya. Daktari alisema bila upasuaji wa pili, Mombasa, utabaki umepinda, na kazi ya kuzunguka vijijini ataisahau. Kwao hawakuwa na uwezo wa kuulipia. Bila fidia, hapakuwa na upasuaji.

Tulidhani ni kesi nyepesi, hadi tukasikia utetezi wa hoteli. Dereva wa gari lile, Mzee Bakari, alikwenda hospitali ya Kilifi kumjulia hali Katana, akifuatana na meneja wake. Mzee aliomba radhi. Katana naye, kitandani pale, akamshika mkono akamwambia, "Na wewe niwie radhi, baba. Nimekutia mashakani." Meneja, mtu wa bara, aliyasikia maneno hayo akayapeleka kwa wakili wa hoteli: kijana amekiri kosa mwenyewe.

Kwetu, mtu akimzuru mgonjwa huombana naye radhi, kwani hakuna ajuaye nani ataiona kesho. Huo si ungamo, ni adabu. Lakini hakimu wetu naye alikuwa wa bara, na Katana alipoulizwa kizimbani kama kweli aliomba msamaha, alijibu kuwa ni kweli. Hakimu akaandika.

Kisha hoteli ikamleta Mzee Bakari atoe ushahidi. Zamu yetu ya kumhoji ilipofika, Bwana Wakili alisimama akaanza na shikamoo. Hakimu alimtazama kwa mshangao. Mzee akaitikia marahaba.

"Siku ile wodini, nani alianza kuomba radhi?"

"Ni mimi."

"Ilikuwa ni ada tu, Mzee, au palikuwa na jambo?"

Mzee Bakari alimtazama meneja, aliyekaa benchi la mbele. Kila mtu mle ndani alijua madereva wangapi walikuwa wakiisubiri kazi ile.

"Palikuwa na jambo," alisema mwishowe. "N'litoka getini sikusimama. Kijana yule aliomba radhi kwa adabu yake. Kosa lilikuwa langu."

Hakimu aliitwika hoteli lawama yote. Katana akapasuliwa, akarudi kwa ng'ombe wake akichechemea kidogo tu.

Sasa nimestaafu. Vijana wa bodaboda husimama barazani kwangu kuniuliza mambo ya polisi na bima, nami huwajibu kama nilivyofundishwa, na kwanza huwagombeza kuhusu kofia. Huniuliza pia kama mtu akigongwa anyamaze, asiombe radhi, isije ikatumiwa dhidi yake. Nawaambia ubinadamu wenu msiuache, lakini jambo lilivyotokea lielezeni polisi mapema. Halafu huwasimulia siku tuliyokwenda nyumbani kwa Mzee Bakari.

Hoteli ilikuwa imemfukuza. Bwana Wakili alivua viatu mlangoni, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Mzee, swali langu ndilo lililokutoa kazini."

"Swali lilikuwa lako," Mzee Bakari alisema. "Jibu lilikuwa langu. Yule kijana anatembea?"

"Anatembea."

"Basi ketini, tunywe kahawa."

Tuliketi. Mimi, karani wa upande ulioshinda, nililia mpaka kahawa yangu ikapoa.