Siku Nilipomimina Kodi Ukweni

Jamani, hili nalisema kwa aibu, na mkicheka chekeni tu, maana hata mke wangu akikumbuka hushika mbavu: mimi ndiye niliyemlewesha mbuzi wa posa yangu mwenyewe.

Tulikuwa Kibosho, kwa kina Anitha, mimi na wajomba zangu tumepanda kutoka Moshi mjini na makreti ya bia, soda na beberu mmoja mnene (anaringa kuliko mshenga wetu), na mambo yalikuwa yananyooka vizuri kabisa mpaka baba yake Anitha aliponyanyua chupa yake akasema, "Mimi tangu niache kazi mjini nirudi kwenye migomba yangu, kodi siijui. Hawanipati!"

Mtu mwenye akili angecheka na kunywa. Mimi (nina kaduka ka vinywaji, basi najiona profesa) nikasimama. "Samahani baba, hata sasa hivi unalipa. Ushuru, VAT, vyote vimo humo humo kwenye bei ya hiyo chupa."

"Vimo wapi? Mbona sivioni?"

Mjomba akanivuta koti. Nikajifanya sijasikia, nikaomba beseni, nikachukua bia ya mzee, ndiyo, mkononi mwake kabisa, nikaanza kumimina, "Hii ya serikali, inayobaki ndiyo yako," kina mama wakafurahi wakaniletea na zao, nikanogewa, bibi yake Anitha akakumbatia kibuyu chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akipiga kelele, "Yangu usiguse! Nimepika mwenyewe, haina kodi!" watu wakashangilia, beseni likajaa, nikalisukuma nyuma yangu ili niendelee kuhutubia.

Nyuma yangu ndiko alikofungwa beberu.

Nilishtukia watu hawanitazami tena mimi. Kugeuka, beseni kavu, ndevu zinadondosha povu! Kamba ikakatika, beberu akapita chini ya meza, akaibuka na kitambaa cha meza kwenye pembe kama bibi harusi, akanikosa mimi, akampata mzee, akamsukuma moja kwa moja mpaka kwenye mfereji wa kumwagilia migomba. Chubwi!

Mzee kakaa majini na suti yake, kofia inaelea kuelekea kwa jirani.

"Mae! Wamemuua kaka yangu!" shangazi yake Anitha akalia.

Anitha akafunika uso kwa khanga. Nikajua nimeshamkosa. Mjomba akaninong'oneza, "Kakate sale, upesi!" (Kwetu Wachagga jani la sale ndilo la kuombea msamaha, na kulikataa ni jambo zito.) Nikakimbilia uzioni, nikachuma, nikaingia mferejini na viatu vyangu vipya, nikapiga magoti. "Baba, nisamehe."

Akalipokea jani. Akanitazama weee. "Mwanangu," akasema, "na huu msamaha nao una VAT humo ndani?" Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akateleza tena, na ukoo mzima ukaangua kicheko.

Mke nilipata. Lakini siku hizi mteja akinung'unikia bei ya soda, nampa pole na chenji yake, basi. Mambo ya kumwonyesha mtu kodi ilipojificha nimeyaapia: sirudii, hata nibembelezwe.