Mkono wa Rhodora

Mwalimu kashafunga kitabu, sisi mikoba mabegani, mara Rhodora huyo, mkono juu: "Mwalimu, hujakusanya kazi ya nyumbani!" Yaani! Darasa zima la sita tulisonya. Kwetu Iloilo mtu wa namna hiyo tunamwita bida-bida, kimbelembele anayetaka kila jambo yeye ndiye awe nyota. Jina hilo nilimpachika mimi, na ulimi wangu wa siku zile, Mungu anisamehe, ulikuwa mkali kama siki.

"Bida-bida, na chooni nako umkumbushe mwalimu kwenda!" nilimwambia siku moja tukisugua sakafu ya darasa. Wakaangua kicheko. Tukakubaliana asiazimwe hata kipande cha karatasi, wala asikae mtu karibu naye. Wiki mbili hazikutimia, akanifuata.

"Merlinda, basi yaishe. Sitasema tena."

"Tutaona."

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Salvacion alikuwa na haraka ya kwenda mjini, bajaji inamngoja nje. Hesabu alizotupa sikuwa nimefanya hata moja. Rhodora akainua mkono. Nikamkazia macho. Akaushusha.

Kumbe mkono ule haukuwa wa hesabu! Alikuwa na fomu ya ufadhili wa sekondari ya mjini. Shule nzima alichaguliwa yeye peke yake, na mwalimu alitakiwa aitie saini na kuifikisha ofisini huko mjini siku ile ile. Mwalimu mwenyewe alikuwa kasahau. Rhodora akangoja tutoke kwanza, tusije tukamwona akimkimbilia. Alipofika langoni, bajaji imeshaondoka. Jumatatu wakamwambia muda umepita. Baba yake alikuwa mkata miwa. Sekondari ya hapa kijijini Rhodora alisoma miaka miwili tu, akaacha.

Siku hizi anauza wali wa kunata wa kufungwa majani pale sokoni. Mimi nina kiti changu benki, napita kununua kila Jumamosi, na kila Jumamosi roho inanisuta. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamwambia: "Rhodora, siku ile ni mimi niliyekuharibia. Nisamehe."

Akacheka, akanichagulia vifurushi vinono.

"Wewe uliniangalia tu, shoga. Mwoga nilikuwa mimi. Miaka yote hii najilaumu."

Nilitamani anitukane.